Sheria ya Mizinga

Kaka yangu Satılmış, maana yake Aliyeuzwa,
kwani watatu waliomtangulia hawakuvuka siku arobaini,
mama akamuuza kwa jirani kwa sarafu moja na kitunguu
ili kifo kibishe hodi nyumba isiyo yake,
kaka yangu alikuwa na nchi.

Aliichora kwenye mifuko ya saruji, upande wa ndani,
kwa makaa, kisha kwa kalamu niliyomwibia shuleni.
Mto aliuita Harva. Mji aliuita Tuwarsa.
Miungu ilikuwa elfu moja, na yote alitaka tuipe majina;
tulifika mia mbili na sita, tukaitwa kupalilia.

Wafalme wake walivaa viatu vilivyopinda ncha
kama bamia. Shule nzima ilicheka.
Mfalme wa Bamia, wakamwita, hata mwalimu.

Sheria alizitunga kwenye ukuta wa zizi,
nami ndiye niliyekuwa bunge:
naketi juu ya ndoo, nainua mkono.
Ya tisa ndiyo niikumbukayo,
maana wiki ile baba aliibiwa nyuki.
*Mwenye kuiba mizinga
avuliwe nguo, nyuki ndio waamue.*
Niliinua mikono yote miwili.

Sasa nina miaka hamsini na minne.
Kilima tulichochungia kondoo kina uzio na tiketi,
nami naosha vigae kwa mswaki,
ujira wa kutwa, chai bure.
Udongo wa miaka elfu tatu ukilowa
unanuka kama udongo wa juzi. Nisikudanganye.

Mwezi wa saba walimfukua mfalme wa jiwe,
kimo cha mkono wangu, pua imemeguka,
viatu vimepinda ncha.
"Bamia," nikasema kwa sauti.
Dokta Perihan akanitazama.

Nikajiambia: alichunga hapa. Mvua hufukua.
Huenda aliuona mguu wa jiwe, akaufukia, akanyamaza;
mtoto naye ana siri zake.
Basi nikalala.

Lakini alasiri moja, chini ya turubai,
Dokta alitusomea sheria za watu wale,
zilizookotwa zamani katika mji wao mkuu,
kwa lugha iliyokufa
bila hata wa kuyarithi matusi yake:
*Mtu akiiba mizinga miwili, au mitatu,
zamani adhabu yake ilikuwa kuumwa na nyuki.
Sasa atatoa shekeli sita za fedha.*

Mswaki ukaniponyoka, ukazama kwenye beseni.
Hakuna mvua inayofukua sheria.

Nilimpigia Duisburg. Nyuma yake winchi inalia.
"Nchi gani?" akasema. "Döndü, niko zamu."
Nikamtajia Harva, Tuwarsa, miungu mia mbili na sita.
"Tulikuwa watoto," akasema, akakata.

Nimewaza mengi tangu hapo.
Damu haikumbuki; na hata ingekumbuka,
babu mzaa mama alishuka kutoka milima ya Kaukazi
na sanduku moja, wala hakuwajua wafalme wa hapa.
Labda hakuna fumbo. Labda ukiwa na nyuki,
na mwizi, na hasira isiyolala,
mkono utaandika yale yale mwaka wowote.
"Inawezekana," alisema Dokta,
neno analolinyunyiza kila mahali kama chumvi.

Saa nane usiku simu ikalia.
Hakusalimu.
"Hiyo mizinga. Imeandikwa mingapi?"
"Miwili," nikasema. "Au mitatu."
Nikasikia pumzi zake, na mbali huko, treni.

"Mimi niliandika mitatu," akasema.
"Ile miwili ulisema wewe."