Kibanda cha Kondo, Usiku wa Tamasha

Miaka ishirini na mbili hapa Mwananyamala
Kondo Mwinyimvua amewasemea wageni:
bingwa wa kareti kadaiwa kodi Tandale,
tajiri wa Kihindi kanuniwa na mkwewe wa Manzese.

Leo tamasha la filamu za nyumbani limehamia kwake.
Shuka jeupe, projekta ya kuazima,
mabenchi yamefutwa vumbi mara mbili.
Filamu ni ya Siwatu, wa Kisarawe,
kaipiga kwa simu yenye kioo cha ufa.

Bibi kwenye shuka anachambua kisamvu.
Anasema jambo. Kizaramo kitupu.
Mabenchi yanageuka:
"Kondo, anasemaje?"

Kipaza sauti ki mkononi, mdomo u wazi.
Neno analijua, kalelewa nalo uani;
Kiswahili chake ndicho hakiji.

Nyuma kabisa, karibu na jenereta,
muuza kashata anacheka peke yake,
anacheka mpaka sinia linatikisika.

Kondo anapita katikati ya magoti ya watu,
anampa kipaza sauti.
"Haya, mama. Leo wewe."

"Subiri," anasema, anajifuta macho kwa pindo la kanga,
"bado nacheka."