Kuosha Masizi

Nikihesabu na ya leo, ni lita arobaini na mbili
za maji yaliyokenekwa, yasiyo hata kumbukumbu ya chumvi,
na kilichomo kwenye chupa
hakijazi kijiko cha chai.

Nyevu, jirani yangu wa Muyeye, aliniuliza mferejini
(mfereji wenyewe una siku tatu wakohoa upepo):
"Huko maabara, maji yote hayo, mwaosha nini?"
Nikamwambia: masizi.
Akacheka hata kata ikamponyoka.
"Na yakitakata?"
Yakitakata, Nyevu, yatakuwa masizi.

Saa nne usiku. Malindi imelala, pampu yavuta na kununa.
Mirija hii, unywele mmoja uupasue mara elfu nane
ndipo uupate mmoja wake.
Juzi niliipika kwa asidi mchana kutwa
ili kuta zichubuke, ziote vikono
vya kushikana na maji,
maana kwa asili yake mrija huyakimbia, kama paka.
Vipimo vikasema: vikono vipo, tele.
Nikaandika daftarini kwa wino. Nikapiga mstari chini,
miwili.

Leo nimetia alkali, kidogo tu,
na chini ya kichujio yakatoka maji
ya rangi ya Sabaki mwezi wa Mei,
kahawia, hayaishi.
Vikono nilivyohesabu, vingi vyake
havikuota popote. Vilikuwa makombo ya kuungua
yaliyoganda ubavuni, yakajifanya mwili.

Daftari halisemi kitu. Mistari miwili ile yanitazama.

Naongeza maji.
Ya kisima siwezi: chumvi yetu ikiingia tu,
mirija hukumbatiana, ikazama, ikawa tope.
Na ni kisima hicho hicho naoshea,
cha uani kwa Nyevu, ambako chai
hata uitie sukari vijiko vinne yabaki na bahari.
Hilo sikumwambia. Ningemwambiaje?
Kwamba nayamwaga matamu, ndoo kwa ndoo,
kwa ajili ya gramu moja ambayo huenda, siku moja,
ikamchujia machungu?
Huenda si neno la kumpa mtu mwenye ndoo tupu.

Alfajiri karatasi ya litmasi ilikataa kugeuka,
si buluu, si nyekundu.
Nikakausha. Nikapima.
Thuluthi mbili ndiyo iliyobaki, nyeusi vile vile.

Nimeiandika.
Kwa penseli.