Ndimi Mbili

Valdivia, Julai. Mvua haina adabu,
inaingia bila hodi hadi ndani ya soksi.
Ghorofa ya tatu, maabara ya kemia,
mimi na kitufe cheusi cha kaboni
kisichozidi punje ya dengu.
Nakisugua kwenye kitambaa chenye unga mweupe,
nachora nane, nachora nane, nachora nane,
hadi uso wangu uonekane humo,
mdogo, umechoka, una nywele za jana.

Kisha utando.
Kobalti imekaa katikati ya nitrojeni zake nne
kama jiwe kwenye pete
ya mtu asiyeivua hata akiosha vyombo.
Tone la buluu, likauke. Tone tena. La tano.
Nilidhani wingi ni nguvu.

Dopamini ikifika hapo
huacha elektroni mbili mlangoni
kama mgeni avuaye viatu vya tope,
na mashine huhesabu viatu.
Mama akiulizwa sokoni kazi yangu ni ipi, hujibu:
anahesabu viatu vya wageni wasioonekana.

Lakini mgeni huyu haji peke yake.
Vitamini C, ile ile ya ndimu,
hupita mlango huo huo, karibu kwa volti zile zile,
na viatu vyao, ukivitazama, ni pacha.
Kwenye kompyuta vilima viwili vililaliana
vikawa kilima kimoja kipana, kisicho na haya.
Miezi minne.
Profesa Ulloa akipita hutazama, hukohoa, huenda zake.

Jumapili nilimpelekea baba karatasi.
Baba, Eleodoro Huenchullán,
fundi kodiani wa mtaa wa Las Ánimas,
miaka arobaini akikwangua ndimi za chuma
hadi ziseme kweli.
Siku hizi mkono wake wa kulia una mambo yake.
Kijiko hulia kikombeni, tik tik tik,
nasi mezani huongeza sauti
ili tusikisikie.

Volti hazijui. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu.
"Hapa wapo wawili."
"Nani kakuambia?"
"Bega hili. Sauti moja haina bega."
Akaisukuma karatasi kwa kiwiko.
"Ulimi wako mnene, binti. Ulimi mnene
haujibu pumzi ndogo,
unangoja pumzi ya kila mtu ndipo ungurume.
Kwangua."

Nikakwangua, si kwa kisu:
tone moja badala ya matano, nalo nimelizimua mara kumi,
utando mwembamba hata jicho lilikana kwamba upo.
Volti nikazipandisha polepole,
mwendo wa mtu aliyebeba bakuli la supu.
Saa tatu usiku bega likajitenga.
Kwanza ndimu.
Kisha pengo (pengo!)
kisha yeye, mwembamba, amesimama peke yake.
Sikupiga kelele. Niliandika tarehe.
Nilivaa koti, nikalivua, nikapima tena.

"Sasa hicho kitufe," baba aliuliza,
"kinaweza kuniambia nimebakiwa na kiasi gani?"
"Hapana, baba. Kinasoma maji ya chupa.
Dopamini niliitia mwenyewe."
"Kumbe umekipata ulichokificha."
Akacheka mpaka akakohoa,
nami nikacheka, halafu sikucheka.

Nje mvua ilikuwa inahesabu mabati.
Akafungua kodiani ya bibi Ojeda,
iliyongoja tangu Pasaka kwa sababu ya noti moja inayoyumba,
akanitilia tupa kiganjani,
akainamisha kichwa karibu na chuma.
"Mkono uwe wako," akasema.
"Sikio langu bado halitetemeki."