Mkanda wa Jumatano

Saa nane usiku, Juni, Mbeya.
Ukungu wa Loleza umeshuka mpaka dirisha la chumba cha seva.
Nimevaa koti la marehemu mjomba na soksi mbilimbili,
na mashine ya mikanda inalia:
vuuu, kwaa, inarudi nyuma. Vuuu, kwaa.
Kama mtu anayekumbuka funguo
kila afikapo Kabwe.

Subilaga, aliyenikabidhi zamu, ameacha kikaratasi:
*Nakala haijaisha tangu jana. Usiizime. Iombee.*

Mimi si mtu wa kuombea mashine.
Nimekulia Uyole, kwenye kinu cha mama,
naijua sauti ya jiwe linalosaga jiwe.
Mteja akitia mahindi konzi kwa konzi
mama alifoka kupita injini:
“Jaza debe kwanza! Kinu hakina njaa ndogo!”

Nikakaa chini, sakafu ikanipiga baridi.
Kumbe mkanda haukuwa mzembe.
Ni sisi tulioulisha punje:
mafaili laki tatu ya wagonjwa, madogo kama ulezi,
seva inayatafuta moja moja,
na mkanda, uliozaliwa kukimbia,
unafunga breki, unarudi kutafuta ulipoishia,
unaondoka tena. Na kila kurudi ni kujisugua,
na kila kujisugua ni kulika.

Asubuhi nikamwendea Daktari Mwaisela, niombe diski moja.
“Mikanda? Karne hii? Mjukuu wangu hajui hata kaseti.”
Nikamwambia: daktari, mkanda ulio kabatini hauli umeme,
na mwizi wa mtandaoni hana vidole vya kufungulia kabati.
Akacheka. Akasaini. Diski ikaja baada ya miezi miwili.

Hiyo ndiyo ikawa debe letu.
Mafaili yote kwanza humo, yajae, yashindiliwe,
kisha tumimine kwa magunia, si kwa vikombe.
Nikasafisha kichwa cha kusomea, kilikuwa na masizi
kama chungu cha msibani.
Usiku ule mashine ikatoa mlio mmoja, mrefu, usiokatika.
Saa kumi na tisa zikawa mbili na nusu.
Subilaga alikuja asubuhi akadhani imeharibika.

Kila Ijumaa nakala ya pili ilikwenda Iringa
ndani ya kikapu cha milulu chenye mfuniko,
kwa Zabroni Kihwele, mtunza stoo, kule kukavu;
maana nakala inayolala nyumba moja na asili
si nakala, ni pacha wa kuungua naye.

Machi, radi.
Sisimulii. Chumba kilinuka plastiki wiki nzima.
Tulirudisha Jumapili, Jumatatu, Jumanne,
majina yakapanda kwenye kioo kama maharage baada ya mvua.
Jumatano ikagoma.
Mkanda wa zamani, wa enzi za vuuu na kwaa.
Tuliuandika mwaka mzima,
hatukuusoma hata mara moja.

Watu kumi na mmoja.
Tukawafuata kwa miguu, na daftari,
Ilemi, Isanga, mpaka kwenye matope ya Isyesye,
ambako mama mmoja alisimama mlangoni na mtoto mgongoni:
“Mmempoteza mwanangu?”
Karatasi yake tu, mama.
“Na karatasi si yeye?”

Sikuwa na jibu, sina mpaka leo.
Bibi yake akasema kutoka jikoni, bila kutoka:
“Kilo tatu na robo. Alfajiri, kabla ya adhana.
Ambokile. Andika vizuri.”

Nikaandika.
Sasa kila Jumatatu nachomoa mkanda mmoja kabatini, wowote,
naulisha mashine, nasubiri.
Siulizi tena kama umeandikwa.
Namtafuta mtu mmoja ndani yake, kwa jina,
na mpaka atokee
siruhusu mtu anipe chai.