Daftari la Maziwa

Mama hakujua kuandika, ndiyo maana daftari nilishika mimi,
darasa la tatu, penseli imechongwa kwa wembe.
Ukurasa wa kwanza unasomeka:
Mhindi wa saa. Mhindi wa misumari. Mhindi wa mbao.
Mhindi wa viazi. Mhindi wa Noeli. Mhindi wa kengele.
Tulishuka kutoka Kihesa kabla ya jogoo wa pili,
ukungu umelala barabarani kama mtu aliyelewa,
na Iringa yote chini yetu haipo.

Kila nyumba ilipima kwa kikombe chake.
Cha mama hakuna aliyekiamini.

Taherali wa misumari, kofia yake ukingo wa dhahabu,
Ramadhani alitaka maziwa ya jioni.
Hakuonja. Alinusa tu, akasema, yana maji.
Yalikuwa na maji.

Sherbanu alikaa nyuma ya jengo lenye saa.
Alfajiri hayupo, ameshakwenda kusali;
chupa tunaiacha kizingitini, na paka anajua.
Nilimuuliza, wewe na Taherali si Waislamu wote,
mbona milango miwili?
Duka likanyamaza hadi mizani ikatulia.
Akanipa peremende.

Bwana Maganlal hali kiazi, hali kitunguu,
hali chochote kinachong'olewa na mizizi yake,
maana udongoni mna roho ndogondogo, alisema,
na jua likizama hali tena kitu.
Mama, aliyelima viazi tangu meno ya utoto,
alisimama pale na kopo mkononi.
Njia nzima ya kurudi hakusema neno.
Msimu ule jembe alilishusha polepole.
Au labda ni mgongo.

Fundi Kartar wa mbao, vumbi la msumeno kwenye ndevu,
Jumapili alinunua kopo zima.
Ukivua viatu, ukifunika kichwa,
unakaa sakafuni unakula dengu, uwe nani, uwe nani.
Mama alikaa bega kwa bega na karani wa benki.
Karani alimsogezea chapati.
Hiyo aliihadithia mpaka majirani wakachoka.

Bi Filomena alikuwa Mkatoliki kama sisi.
Benchi moja, kitabu kimoja, amani iwe nawe,
mkono wake laini ndani ya mkono wa mama.
Jumatatu, kwake, tulipita mlango wa nyuma.
Niandike vipi hilo? Niliandika: chupa mbili.

Sasa Jamnaben.
Siku ile mlango wa uani ulikuwa wazi,
tukamwona amechuchumaa, kengele mkono wa kushoto,
na maziwa yetu, ya ng'ombe wetu mwenye pembe moja,
anayamimina juu ya jiwe.
Jiwe jeusi, dogo, limevishwa ua.
Anamimina taratibu, kama anayemwogesha mtoto.

Mama alitetemeka hadi sokoni.
Wewe ulikunywa uji mkavu leo, aliniambia,
jiwe limekunywa maziwa!
Gangilonga, jiwe linalosema, likajitokeza kwenye ukungu,
lisiseme kitu.

Ikaja masika, ulanzi umeiva,
tukaenda kutambika kaburini kwa babu.
Mama akapiga magoti kwenye majani yenye umande,
akamwita kwa jina, kamwene, akampa habari za ng'ombe,
habari za ada ya shule,
kisha akainamisha kibuyu, ulanzi ukaanza kushuka,
povu jeupe juu ya mawe aliyoyapanga mwenyewe.

Mkono ukasimama.
Nilidhani ameona nyoka.
Alitazama povu likinywewa na mawe,
akalitazama mpaka likaisha, akamalizia kumimina.

Tulipokuwa tunafunga geti la miti akasema,
Yule mama wa kengele. Kesho anza naye.
Mpe kabla sijatia maji.

Nimelipata daftari juzi, panya wamekula pembe.
"Mhindi wa kengele" nimelikata kwa mstari.
Pembeni, kwa herufi za kujikaza:
Jamnaben. Chupa moja. Nzima.