Jozi Moja ya Buti

Mimi ndiye dalali wa mavuno, Mbokomu, mwaka wa kumi na nne.
Sauti hii kwaya ilinikatalia;
ni ya kuuza mkungu mmoja wa mshare mara tatu,
mnunuzi aurudishe mezani, uuzwe tena,
mpaka paa la kanisa lipate bati.

Jumapili ile mvua ilikuwa imepumzika,
mlima umejitanda wingu hadi kiunoni.
Niliuza trei la mayai. Niliuza jogoo
aliyewika katikati ya Baraka ya Haruni.
Debe la mahindi nililiuza kwa bei ya gunia.
Ndivyo tulivyo: tukipenda, tunazidisha bei.

Kisha Aikaeli akapita mbele na mfuko wa rambo.
Akatoa buti.
Soli imeachia ukingoni, mdomo wa mtu anayetaka kusema,
kamba moja ya katani.
Akaziweka kati ya ndizi na maziwa mgando,
akasema kama anayesoma somo la siku:
"Malimbuko ya Kundaeli. Safari tatu za Machame.
Kilo ishirini kwenye mizani ya lango,
mbele ya kona zikawa thelathini.
Vidole viwili vilibaki Barafu.
Malipo bado.
Mwenyewe yuko nyumbani, hana kingine cha kuvaa.
Nadi."

Nikatafuta mate nisiyaone.
Watu wakatazama viatu vyao.
Mzee Ndekirwa, mweka hazina,
mwenye kampuni ya kupandisha wageni,
aliyetununulia kinanda,
alikuwa akihesabu noti, kidole akikilowesha ulimini.
Kidole kikabaki pale.

Nilijua. Usinidhani malaika.
Nilijua tangu Kwaresima nikanyamaza,
kwa sababu ya bati, kwa sababu ya kinanda,
kwa sababu mwanangu huendesha gari lake.
Tulipiga magoti bega kwa bega Mezani pa Bwana
na mkate haukunikwama.
Hilo ndilo linalonitisha usiku: haukunikwama.

"Jozi moja," nikasema. "Mshahara wa siku ishirini na moja.
Mara ya kwanza."

Bibi Ndeshukurwa, ambaye bima yake ni mbuzi wawili,
akafungua fundo la kanga: "Elfu mbili, mwanangu."
Aikaeli akamshika mkono, akalifunga fundo lile upya.
"Mama, ahsante. Sikuja kuomba.
Anunue mwenye deni."

Mara ya pili.
Jogoo akakohoa ndani ya kapu.
Ya tatu sikuweza. Miaka kumi na minne, mara ya kwanza
kitu cha Mungu kulala mezani bila mnunuzi.

Jumatatu jioni Ndekirwa alifuata mfereji
hadi kwa Aikaeli, na jani la isale mkononi,
kama tulivyofundishwa kabla ya misheni na baada yake:
akujiaye na isale, humfukuzi.
Nilimfuata nyuma, shahidi, nimebeba buti.
Aikaeli akalipokea kwa mikono miwili,
akalichomeka dirishani, akatupa viti, akamimina chai.
Kundaeli akanyoosha mguu wenye kitambaa.
Hakuna aliyemtukana mtu.
"Isale tumelipokea," mama akasema.
"Msamaha unao. Haukatwi kwenye mshahara.
Sasa fungua mkoba."

Alifungua. Mkono ulitetemeka,
sijui kwa aibu au kwa hesabu; sikuuliza.
Nikadhani tumemaliza, nikaanza sala ya kufunga.

"Bado," Kundaeli akasema.
Akavuta chini ya godoro daftari la shule,
jalada lenye picha ya twiga,
ndani majina kumi na moja, tarehe, kilo, siku.
Akalisukuma kwangu, si kwa Ndekirwa.

"Wewe mwenye sauti. Soma."

Chai ikapoa. Nikalisoma jina la kwanza,
polepole, mara tatu,
kama ninavyouza.