Shilingi Kumi na Tano

Machungwa ya Muheza hayakuwa na kosa.
Niandike hilo kwanza, kwa kalamu ileile
iliyosaini.

Yalikuwa msasa wa Mtindiro, ganda jepesi, maji tele,
yakioza mafungu kwa mafungu kando ya reli
huku dalali akisema, "Leo bei imeshuka, mama,"
na kesho yake vilevile.
Tukachoka. Wanawake kumi na tisa, na Mhina Kupaza,
fundi wa shamba la mkonge aliyepunguzwa kazi,
tukakodi ghala bovu pale Mkanyageni,
popo tukawaomba wahame.

Hatukukurupuka. Miaka miwili tulipanga.
Mhina aliunda kikamulio kwa vyuma vya korona ya mkonge,
kinameza kikapu, kinatema mbegu pembeni
kama mgeni mwenye adabu.
Bi Nasemba alionja mpaka ulimi ukachubuka:
tangawizi kidogo, chumvi punje, sukari hapana.
Kipimajoto tulikiamini kuliko saa ya msikitini.
Lebo aliichora kijana wa Bi Mwanjaa:
chungwa limejifunga ukaya, linacheka.
Mkaguzi akaja, akapitisha kidole ukutani,
akakitazama kidole,
akaondoka hana la kusema.

Vikabaki vifuniko.

Kwa wakala wa Barabara ya Nane, Tanga mjini,
vilikuwepo vya aina mbili.
Vyenye mpira ndani, shilingi sitini.
Visivyo na mpira, arobaini na tano.
Kijani kilekile, meno yaleyale.
Nikazidisha kumi na tano mara elfu nane,
laki moja na ishirini;
nikaliona bati la choo,
nikaiona posho ya dereva.
Sikumwita mtu.

Saumu, muosha chupa, hata mwanachama si mwanachama,
aliipindua chupa moja juu ya kanga yake.
"Shangazi, hii inalia."
Nikamwambia kaza.
Akakaza mpaka kiganja kikaandikwa meno.
"Bado inalia."
Nikamwambia: wewe osha.

Lori liliondoka Alhamisi kwa vigelegele.
Segera, salama. Mkata, salama.
Chalinze dereva akapiga simu:
"Mama mhasibu, mzigo wako unanong'ona."
Nikacheka. Nilidhani ni utani wa madereva.
Jumatatu maduka ya Dar yakarudisha kreti,
juisi imekuwa siki, povu shingoni,
nzi juu, lebo zimelowa,
na lile chungwa limeshuka ukaya mpaka machoni.

Wanaosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakutujua sisi.
Ukuta tulishaujenga, tukaupaka chokaa,
kisha tukaenda mjini kununua ufa,
tena kwa bei nafuu, na risiti ninayo.

Sasa nasikia sokoni
mashine ya Mhina ndiyo mbovu.
Nasikia Bi Nasemba hajui kipimo,
nasikia machungwa ya Muheza hayakai chupani,
na "kinamama na viwanda wapi na wapi."
Mhina hapiti tena njia ya kijiweni, anazungukia makaburini.
Kosa dogo halifi peke yake,
huzikwa pamoja na wasio na kosa.
Na mimi nimekaa kwenye mikeka ya matanga,
nimepewa pole, nimezipokea.

Kikao ni Jumamosi.
Nitasimama nisome hii kabla ya mapato na matumizi,
na Saumu akae mbele, kwenye kiti,
si mlangoni na ndoo.

Jana usiku nilichukua kifuniko kimoja cha shilingi sitini,
nikajaza chupa maji, nikakaza kwa vidole viwili tu,
nikaipindua juu ya kanga yangu,
nikaketi nayo gizani.
Adhana ya alfajiri ilinikuta nikipapasa kitambaa
huku na huku, pindo hadi mji.

Kikavu.
Kikavu kabisa.